Vidonge vya Kuzuia Njaa

Jumapili, 1 Desemba 1974

Kilo mia moja na nne. Ndivyo ilivyosema mizani ya misheni jana, nami nilipanda bila viatu, bila mtandio, na pumzi nimeibana. Sista Bertilla, muuguzi, aliandika bila kunitazama. Daktari ndiye aliyenitazama. Akamwambia Sista kwamba nina sukari na presha iko juu, kana kwamba mimi sipo pale, kisha akanigeukia na Kiswahili chake cha kuungaunga akauliza kama kwetu kuna mwingine aliyeugua hivi.

Nikamtajia dada yangu Shida. Kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kikapanda unyayoni, mguu ukakatwa, na baada ya miezi minne tukamzika. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mimi natimiza arobaini na miwili mwezi wa saba. Nilisema hayo kwa sauti ya kawaida tu, lakini mikono nilikuwa nimeifungia ndani ya kanga.

Amenipa kopo la vidonge mia mbili na arobaini, vya miezi minne. Kimoja kabla ya kula mchana, kimoja kabla ya kula jioni. Vinazuia njaa. Halafu akainua kidole: chai bila sukari, mafuta kidogo, sahani nusu, na kutembea saa nzima kila siku. "Kidonge kitazuia njaa," alisema. "Kutembea utatembea wewe." Anarudi Mei kunipima tena.

Sista alinipa kadi ya kuandika ninachokula. Imejaa leo asubuhi, maana mimi nikianza kuandika siachi, ni ugonjwa wangu tangu darasa la sita. Nimechukua daftari dukani. Nitalificha kwenye sanduku la kanga, maana katika nyumba hii hakuna jambo la mtu mmoja.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimemeza vyote viwili. Mdomo umekauka na tumbo linanguruma, ila njaa sikuisikia kabisa. Mume wangu, Baba Saad, aliniuliza mara tatu kama nimekula. Nikasema nimeshiba. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa duka limejiuza lenyewe.

Alhamisi, 5 Desemba

Wifi Kulsumu ni dada yake Baba Saad, tunaishi naye tangu afiwe na mumewe, na jiko ni lake. Yeye anaamini, kama watu wengi wa mji huu, kwamba dawa kali inataka chakula kizito, la sivyo itatoboa utumbo. Basi nikimeza kidonge tu, supu ya makongoro imefika, na chapati mbili juu yake.

"Kula, wifi. Dawa isije ikakumaliza."

Nimekula. Ukweli niuandike hapa kwa kuwa kwingine sitausema: sikuwa na njaa hata chembe. Nimekula kwa sababu amepakua, na kwa sababu mkono wangu umezoea njia.

Kutembea: kutoka chumbani hadi dukani, kutoka dukani hadi chumbani.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua bado. Mawingu yanakusanyika juu ya milima ya Mbizi, yanatutazama, yanatawanyika. Redio inasema mikoa mingine wanakula mahindi ya njano yaliyoletwa na meli. Nimekagua vidole vyangu vya miguu. Vipo vyote.

Jumanne, 24 Desemba

Idi ya kuchinja imeangukia mkesha wa Krismasi, kwa hiyo mji mzima unanuka viungo. Pilau, mbuzi wa kuchoma, kachumbari, kalimati. Nilimeza kidonge kwanza, kwa heshima ya daktari, halafu nikala sahani mbili. Mchana kutwa nimelala kama gogo.

Alhamisi, 26 Desemba

Mvua imekuja. Imechelewa, lakini imekuja kwa hasira, na baridi nayo. Bati linapigwa mpaka hatusikilizani.

Jumatatu, 6 Januari 1975

Kilo mia na tatu. Mwezi mzima, kilo moja, na hiyo yenyewe huenda ni ya kitenge nilichovaa siku ile.

Sista Bertilla ni mtu wa Kaengesa, mfupi, maneno yake hayana sukari. Alinikalisha kwenye benchi.

"Unameza?"

"Nameza, Sista. Sijaruka hata siku moja."

"Unatembea?"

"Duka linanibana, Sista."

"Shamba lenu la kufa na kupona liko wapi?"

Mwaka huu serikali imeagiza kila nyumba ilime, hata sisi watu wa maduka, na balozi wa nyumba kumi anapita kukagua. Wenyewe wanakiita Kilimo cha Kufa na Kupona. Nikamwambia eka yetu iko ukingoni mwa Izia, nje ya mji.

"Nani anailima?"

"Kuna mama mmoja wa hukohuko, anaitwa Zita. Mumewe Adolfu kaenda Mpanda kutafuta kibarua tangu Oktoba. Tunampa chumvi, sabuni na pesa kidogo."

Sista akacheka, lakini si kwa furaha. "Mama Saad, dawa yako ina nusu mbili. Nusu moja iko kwenye kopo. Nusu nyingine iko kwenye mpini wa jembe, nayo umemwachia Zita aimeze."

Nilikasirika njia nzima ndani ya lori la mwanangu. Nilipofika nyumbani nikavua viatu, nikahisi kidole gumba cha mguu wa kulia kinachomachoma kama kimepitiwa na siafu. Hasira ikaisha. Kilichobaki ni woga mtupu.

Jumatano, 8 Januari

Nimekwenda Izia kwa miguu. Watu wengine wanatumia nusu saa, mimi saa moja na robo, na mara mbili nimekaa juu ya jiwe nikijifanya natazama mandhari. Zita alinikuta kwenye jiwe la pili. Ana miaka kama ishirini na minane, mwembamba, anacheka haraka. Ana watoto wanne. Wa mwisho, Silvana, ana miezi mitano na anashinda mgongoni.

"Shikamoo, Mama Saad. Umekuja kunikagua?"

"Marahaba. Nimekuja kulima."

Aliweka jembe chini ili acheke vizuri. Halafu akanipa lile la mpini mfupi. Nimelima hatua kumi na mbili. Nimezihesabu.

Alhamisi, 9 Januari

Siwezi kuinua mkono kuandika.

Jumapili, 12 Januari

Vita jikoni. Nimemwambia wifi kwamba kuanzia leo najipakulia mwenyewe: maharage, mboga ya maboga isiyo na samli, ugali wa ulezi wa kukaa kiganjani. Akaangua kilio kwamba namfukuza katika nyumba ya kaka yake. Baba Saad akasema mke wa mtu mwenye duka kula kama mfungwa ni kumwaibisha mwenye duka.

"Wakikuona umesinyaa watasema mimi nimefilisika."

"Na wakinizika watasema nini?"

Akatoka kwenda msikitini kabla ya wakati.

Jumatatu, 20 Januari

Izia na kurudi. Jiwe moja tu.

Jumatatu, 27 Januari

Baba Saad amehamisha katoni zote za sabuni mpaka kwenye mlango wa stoo ya nyuma. Nyuma ya katoni kuna magunia sita ya mahindi, aliyanunua Julai kabla bei haijabadilika. Tangazo limetoka: mahindi ni ya kuiuzia serikali tu, na anayeficha ni mlanguzi. Halfani wa mtaa wa pili walimtoa dukani kwake wiki iliyopita mbele ya wanawe.

"Tukisema tunayo, watayachukua," aliniambia, ananong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Tukimgawia mtu, kesho mtaa wote unajua. Kwa hiyo hatuna. Umenielewa, Mama Saad? Hatuna."

Nikasema hatuna. Lakini tangu leo kila anayegonga mlango moyo wangu unaruka.

Jumatatu, 3 Februari

Kilo tisini na nane! Nilimwomba Sista apime tena. Akapima tena. Kidonge kinanyamazisha njaa, kwa hiyo naweza kuiacha sahani ikiwa nusu. Na miguu inafanya iliyobaki. Kila kimoja peke yake kilinishinda, vikiwa viwili vinanibeba.

Njiani nimeulizwa na watu watatu kama naumwa. Mmoja alininong'oneza jina la mganga.

Jumatatu, 10 Februari

Zita ameanza kunifundisha kutengeneza ntumba, matuta ya Kifipa. Unakata udongo na majani yake, unaugeuza majani yaangalie ndani, unaviringisha mpaka kichuguu kinakufika kiunoni. Nyasi zinaozea humo, na mwakani unautawanya udongo mweusi uliojaa nguvu na kupanda ulezi. Nimejenga mawili. La kwanza limebomoka. Zita anasema hata wali wa kwanza wa bibi harusi huwa mbichi.

Alikuwa na vicheko, lakini ameniomba tukae mara mbili. Unga wake umekaribia kwisha. Mahindi ya shambani yatafaa kuliwa mabichi mwishoni mwa Machi, Mungu akipenda. Katikati hapo hakuna kitu.

Jumatano, 12 Februari

Nataka kuandika ya leo kama yalivyokuwa.

Zita alikuja na majivu kwenye paji la uso. Kwaresima imeanza kwao. "Padri ametuambia tufunge siku arobaini," alisema. "Sisi tulianza kabla yake."

Mchana nilitoa kidonge kwenye kikaratasi ninachobebea vya wiki nzima, nikakimeza na maji. Yeye alikuwa ananyonyesha. Akanitazama.

"Mama Saad, ndiyo ile ya kuondoa njaa?"

"Ndiyo."

"Inaondoa kweli?"

"Inaondoa."

Akamhamishia mtoto upande wa pili. "Basi nipe na mimi."

Nilicheka. Nikamwambia, wewe utapunguza nini, mifupa?

"Sitaki kupungua. Nataka njaa iondoke. Unga uliopo nikila na mimi, watoto hautawatosha. Nisipokula, siwezi kuinua jembe, nawaza ugali tu. Ikiondoka nitalima, na wao watashiba. Ni dawa ya hospitali, si kitu kibaya. Wewe unaimeza na unazidi kuwa na nguvu."

Niliyawaza magunia sita. Wallahi niliyawaza, nikayaona na kamba zake. Nikamwona na Halfani anavyotolewa dukani. Nikaona ningeanzaje kutoka na unga mlangoni bila wifi kuona, bila jirani kuona, bila balozi kuuliza. Na vidonge vilikuwa mkononi mwangu, vyepesi, havina anayevihesabu.

Nimempa kumi. Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote, hata Sista. Akaapa kwa Bikira Maria.

Jumatatu, 17 Februari

Zita ameng'aa uso. "Mama Saad, siku nzima sijaisikia! Jana Agnesi wangu alikula mpaka akabakiza." Agnesi ni binti yake mkubwa. Amejenga ntumba saba huku mimi nikijenga tatu.

Nimempa arobaini. Nilirudi nyumbani nimechangamka, naona nimefanya jema, tena jema lisilomwingiza mume wangu hatarini. Vyangu vimebaki thelathini na viwili, nitameza kimoja kimoja, na siku nyingine niruke.

Jumatano, 26 Februari

Ukungu. Ntumba nne.

Jumamosi, 1 Machi

Zita amekaa chini mara tano. Anasema kizunguzungu ni cha jua, lakini jua lenyewe hatujaliona tangu Jumatano. Silvana ananyonya kidogo, anaachia ziwa, analia, anashika tena, anaachia. "Meno," Zita alisema.

"Meno," nikasema na mimi.

Jumatano, 5 Machi

Leo mtoto hakulia kabisa. Ametulia mgongoni kutwa nzima. Nilifurahi, tumefanya kazi kwa amani.

Jumatatu, 10 Machi

Kilo tisini na tano. Sista amenisifu mbele ya wenzangu. Nilitaka kumwuliza kitu kuhusu vidonge na mama anayenyonyesha, kilifika ulimini. Nikasema ahsante, Sista.

Jumanne, 11 Machi

Zita hakuja shambani. Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Hakuja. Nimejiambia ni mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi Agnesi alikuja dukani kuomba chumvi. Nikamuuliza mama. "Yuko misheni tangu juzi, na mtoto. Maziwa ya mama yamekatika. Silvana halii tena, anafumba macho tu." Alisema hivyo kwa utulivu wa mtoto ambaye hajaelewa, na mimi nikaelewa kila kitu kwa mara moja.

Lori la Saad liko safari. Nilivaa viatu vya shamba nikatoka bila kuaga. Hadi misheni ni zaidi ya maili nne, barabara imekuwa uji. Mvua ilinipiga njia nzima na sikukaa juu ya jiwe lolote. Nilikuwa nasema tu, Mola, usinitangulie, nifike kwanza.

Silvana alikuwa kwenye kitanda kidogo, uso umekuwa wa kizee. Muuguzi mwingine alikuwa anamnywesha maziwa kwa kijiko, tone kwa tone. Zita alikuwa pembeni ukutani. Aliponiona akatikisa kichwa kidogo: sijasema. Alikuwa analinda siri yangu huku mtoto wake akifa mbele yake.

Nikamwita Sista Bertilla nje, barazani.

"Nimemwuliza huyu mama mara kumi," Sista alisema. "Unakula? Anasema nafunga Kwaresima. Kwaresima haikaushi maziwa namna hii."

"Anameza vidonge vyangu, Sista. Nilimpa mimi. Hamsini."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubana mpaka ukauma.

"Dawa ile ni ya mtu ambaye chakula kimejaa mbele yake na hajui kukiacha. Huyu hakuwa na chakula! Njaa ndiyo iliyokuwa inamsemea mtoto, Mama Saad. Wewe umeiziba mdomo." Akaniachia mkono. "Nyumbani kwako kuna unga?"

Nilitazama maji yanavyotiririka kutoka kwenye bati. Nilikuwa na magunia sita ya mahindi, nikampa kidonge. Ndilo nililolifanya. Hata nikiandika kwa mwandiko mzuri kiasi gani, ndilo hilo.

"Kuna," nikasema.

Ijumaa, 14 Machi

Nilisubiri watu watoke msikitini, barabara ijae. Nikaondoa katoni za sabuni peke yangu, nikafungua gunia, nikajaza debe. Baba Saad alinikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Izia. Watoto wa Zita hawajala."

"Mama Saad, watanifunga."

"Naogopa hivyo pia, mume wangu. Tangu Januari naogopa. Lakini mtoto anakufa kwa sababu ya hayo mahindi, na mimi ndiye niliyemuua kama akifa."

Alinyoosha mkono kushika debe, halafu akaushusha. Wifi Kulsumu, ambaye hajasema nami neno zuri tangu vita vya jikoni, akatoka na kata ya nguo, akaniwekea kichwani, akanitwisha.

Nimepita mtaa wa Malangali mchana kweupe na debe kichwani. Shingo ilikuwa inawaka. Balozi wetu, Wilibrodi, alinikuta karibu na daraja, akashuka kwenye baiskeli.

"Mama Saad. Umebeba nini?"

"Mahindi."

"Ya wapi?"

"Ya stoo kwetu. Yako na mengine, magunia matano na mabaki ya la sita."

Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Ungesema umepewa na ndugu wa Laela, ningepita zangu."

"Najua, balozi."

Akaiegemeza baiskeli mguuni. Akasema itabidi aandike. Nikasema aandike.

Agnesi hakuuliza yametoka wapi. Alichukua kinu mara moja, na wadogo zake wakaketi kukizunguka wakitazama mchi unavyopanda na kushuka.

Jumatatu, 17 Machi

Wamekuja na mkokoteni. Magunia matano yamegawiwa nyumba kumi za balozi kwa bei ya serikali, lililofunguliwa wametuachia. Baba Saad amepelekwa ofisini akakaa huko siku nzima na usiku. Mimi nimekaa kibarazani. Hakuna aliyenisalimia.

Jumanne, 18 Machi

Amerudi. Hawajamfunga, wamemwandika jina na kumwonya. Amenipita mlangoni kama mgeni.

Jumatano, 19 Machi

Sista ametuma habari: Silvana amelia. Ametumia neno hilo moja, amelia. Nami nimelia mpaka wifi akaja kuona kulikoni.

Jumamosi, 22 Machi

Zita amerudi Izia. Nilimpelekea unga, maharage na chupa ya maziwa. Alikuwa amekaa mlangoni, Silvana mapajani, bado mdogo kama wa miezi miwili. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, yakanitoka yote kwa fujo.

Alisikiliza. Halafu akaufungua mfuko wa unga, akatia vidole ndani, akavitazama.

"Haya mahindi, yalikuwapo siku ile?"

"Siku ipi?"

Lakini nilijua. Naye alijua kwamba najua, akangoja.

"Yalikuwapo," nikasema.

Akafunga mfuko. "Ahsante kwa unga, Mama Saad." Akaingia ndani na mtoto. Mlango hakuubamiza. Aliurudisha tu, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka yao. Baba Saad amekaa mkekani tukala pamoja, baada ya siku kumi na mbili. Alinisogezea bakuli la maharage.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemeza kidonge cha mwisho.

Ijumaa, 4 Aprili

Njaa imerudi. Nilikuwa nimesahau ilivyo na kelele. Nimekula sahani nusu, nikaketi juu ya mikono yangu mpaka wifi alipoondoa vyombo. Naogopa. Kilo zinaweza kurudi zote kwa mwezi mmoja, na sukari nayo, na kidole.

Jumatatu, 7 Aprili

Izia. Ntumba tano, peke yangu. Zita anapita njia ya juu na jembe lake kwenda kwa watu wengine. Anasema shikamoo, naitikia marahaba, anapita.

Jumatano, 16 Aprili

Mahindi mabichi yamefika sokoni. Nimekula moja la kuchemsha nikaishia hapo. Ni kazi kubwa kuliko ntumba.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua inakatika. Upepo wa baridi umeanza. Ntumba zimetimia mia na sita. Balozi Wilibrodi alikagua shamba akauliza ni nani aliyenisaidia.

Nikamwambia aliyenifundisha.

Jumamosi, 10 Mei

Daktari amerudi. Nilipanda mizani nikafumba macho.

Kilo tisini na moja. Sukari kwenye mkojo haikuonekana. Presha imeshuka, ingawa si vya kutosha. Daktari alifurahi mpaka akampigia Sista makofi kana kwamba ndiye aliyepungua. "Umeona? Kidonge na jembe pamoja!" Akanifungulia kopo jipya, la miezi mitatu.

Nikamweleza yote kabla sijalipokea. Sista alinisaidia pale maneno yaliponikwama. Daktari alizungusha kifuniko cha kopo. Kisha akalisukuma kwangu na kusema ni vyangu peke yangu, kila kidonge, na nikiona mtu ana njaa nimpe chakula. Aliyasema kwa Kiswahili chake kibovu, na kila neno lilisimama mahali pake.

Nimelichukua. Sitajifanya mtakatifu, navihitaji, na Shida simfuati kama naweza kutomfuata. Ila nilipotoka nililiona kopo ni zito kuliko lilivyo.

Barazani akina mama walikuwa wamepanga foleni na watoto wao, wanangoja mizani ile ya kuning'inia. Zita alikuwa wa tatu kutoka mbele. Nilitaka kupita upande wa pili. Ningepita, maana sikuwa na neno jipya la kumwambia na ya zamani alishayasikia.

Sista aliita jina lake. Zita akaanza kufungua kanga mgongoni, fundo likamkatalia, mtoto anarusha miguu, foleni nyuma inasukuma. Akageuka kutafuta mtu. Aliyekuwa karibu ni mimi.

Alinitazama. Niliweka kopo chini, sakafuni.

"Nishikie," alisema.

Nikanyoosha mikono yote miwili. Akaniwekea Silvana kifuani, akaendelea kuhangaika na fundo lake. Mtoto alinishika mtandio, akauvuta, akapiga ukelele mmoja mkali wa hasira mpaka watu wakacheka. Nilimpandisha bega la kushoto, mkono ukachoka, nikamhamishia la kulia. Alikuwa mzito. Alhamdulillahi, alikuwa mzito kweli.